Saa ya Bei Kali kwa Mzee wa Nyumba: Angalia Haya Kabla Hujabonyeza Tuma

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa kumi na moja hivi, dawati letu la wateja hupokea simu za aina moja. Mara nyingi ni mama, anaongea polepole kama mtu aliyejifungia jikoni ili asisikike. Anauliza kama pesa aliyotuma inaweza kurudishwa. Ukimuuliza alikuwa ananunua nini, anasita kidogo, halafu anasema, "Nilikuwa namnunulia mzee saa."

Mwaka jana moja ya simu hizo ilitoka Machakos mjini. Mteja ni mwalimu wa shule ya msingi, mumewe ana duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara ya kwenda Wote. Walikuwa wanakaribia kutimiza miaka kumi na tano ya ndoa. Alikuwa ameona saa kwenye Facebook, "original kutoka Uswisi", bei 37,000, lakini kwa watu kumi wa kwanza ni 18,500 tu. Muuzaji akamwambia nambari ya till ina shida leo, tuma kwa hii ya kawaida. Akatuma. Baada ya dakika arobaini akapigiwa: mzigo umekwama uwanja wa ndege, ongeza 4,200 za kuukomboa. Hapo ndipo akashtuka, akatupigia.

Tulipoangalia, ile 18,500 ilikuwa imeshatolewa yote kwa wakala. Hakukuwa na kitu cha kurudisha. Tulimwambia hivyo, na si jambo rahisi kumwambia mtu.

Ametukubalia tusimulie kisa chake bila kumtaja jina, na tutarudi kwake huko mbele kwa sababu hakuishia hapo. Lakini kwanza tuzungumze kuhusu saa zenyewe. Tumegundua kwamba wengi wanaopoteza pesa si wajinga wa simu. Wanajua PIN ni siri, wanajua ujumbe feki ukoje. Wasichojua ni bidhaa: saa nzuri ni nini, inauzwa ngapi, na kwa nini. Mtu asiyejua bei ya kitu huamini bei yoyote.

Bei inasema mengi

Tuanze juu kabisa. Jina ambalo kila mtu Kenya analijua ni Rolex, na tangu maandamano ya Juni 2024 Wakenya wamekuwa mabingwa wa kukadiria bei ya saa za waheshimiwa kutoka kwenye picha. Basi hebu tukadirie. Rolex Submariner mpya, ile ya kawaida kabisa isiyo na dhahabu, dukani Marekani inazidi dola 9,000. Kwa dola moja shilingi 129, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni moja na laki moja na nusu, kabla hujaweka ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16.

Sasa weka hesabu hiyo kando ya simu yako. Tangu Agosti 2023, kiwango cha juu cha muamala mmoja wa M-Pesa ni shilingi 250,000, na akaunti haiwezi kushika zaidi ya 500,000, wala huwezi kutumia zaidi ya hizo kwa siku. Kwa maneno mengine, saa hiyo ikiwa ya kweli na mpya, huwezi kuilipia kwa simu kwa mkupuo mmoja hata ukitaka. Utaenda benki. Mtu akikuambia tuma 12,000 upate Rolex, usihangaike kuchunguza picha. Hesabu imeshakujibu.

Shuka kidogo na mambo yanakuwa ya watu wa kawaida. Tissot, kampuni ya Uswisi iliyoanzishwa 1853 katika mji wa Le Locle, ina saa za karibu dola 400, yaani kama shilingi elfu hamsini na kitu. Seiko na Citizen za Japani zina saa nzuri sana kati ya dola 200 na 400. Kwa wengi wetu hapa, hiyo ndiyo saa ya bei kali, na hakuna aibu yoyote. Elfu arobaini ni pesa nyingi. Ni karo, ni mabati. Ndiyo maana inastahili kutolewa kwa akili.

Mzee anafanya kazi gani?

Watu huanza na jina la saa. Sisi tungekushauri uanze na mkono wa mtu mwenyewe, na kile mkono huo unafanya kuanzia asubuhi hadi jioni.

Saa ni za aina mbili kubwa. Kuna ya betri na kuna ya mashine, ile ya kutia ufunguo au inayojijaza yenyewe mkono unapotembea. Watu wengi wanadhani ya betri ni ya bei ya chini kwa sababu hata sokoni Marikiti utaipata kwa mia chache. Kumbe saa ya kwanza ya mkono ya aina hiyo, Seiko Astron, ilipotoka Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo jipya kule Japani. Ndani yake kuna kijiwe kidogo ambacho betri hukitikisa. Katika saa za siku hizi hutikisika mara 32,768 kwa sekunde, na mitikisiko hiyo ndiyo inayohesabu wakati. Saa ya kawaida ya betri hupotea kama sekunde kumi na tano kwa mwezi. Saa ya mashine inaweza kupotea sekunde hizo kwa siku moja au mbili, hata ikiwa imegharimu mara kumi zaidi.

Kwa nini basi mtu anunue ya mashine? Kwa sababu ni kazi ya mikono inayopendeza, inaweza kutengenezwa tena na tena, na wanaume wengine wanapenda kuiangalia tu ikizunguka. Hiyo ni sababu tosha. Lakini ujue unachonunua: haipendi kugongwa, haipendi sumaku, na inahitaji kufunguliwa na kupakwa mafuta na fundi anayejua kila baada ya miaka mitano hivi. Na isipovaliwa inasimama. Nyingi hudumu kama saa arobaini. Mzee akiivua Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi akienda kanisani ataikuta imekufa, na utaulizwa mbona ulinunua saa mbovu.

Kuna aina ya tatu ambayo kwa maoni yetu haisifiwi inavyostahili hapa kwetu: saa ya betri inayochajiwa na mwanga. Citizen wanaiita Eco-Drive, na Seiko pia wanazo zao. Hakuna kubadilisha betri kila mwaka wa pili. Na jua la Machakos, si unalijua?

Mchanga, maji na kioo

Hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa zinapopotea kimyakimya, hata kwa saa halali kabisa.

Kioo cha saa kinaweza kuwa cha plastiki, cha kioo cha kawaida kilichoimarishwa, au cha yakuti ya kutengenezwa kiwandani. Wanaopima ugumu wa mawe hutumia kipimo cha 1 hadi 10, almasi ikiwa 10. Yakuti ni 9. Kioo cha kawaida hakifiki 7. Na mchanga wa mtoni, ule ambao malori yanaubeba kutoka mito ya Machakos kwenda kujenga Nairobi, umejaa chembe za jiwe ambalo ugumu wake ni 7. Maana yake ni rahisi: mchanga unakwaruza kioo cha kawaida, haukwaruzi yakuti. Ukimnunulia mtu wa ujenzi, fundi wa mawe au mwenye duka la saruji saa yenye kioo cha kawaida, baada ya miezi sita hataona mishale vizuri. Uliza swali hili dukani kwa jina: kioo ni cha yakuti? Muuzaji akianza kuzunguka, jibu ni hapana.

Ukiona "yakuti" kwenye tangazo la saa ya 2,500, pita.

Maji nayo. Saa ikiandikwa mita 30, usidhani mzee anaweza kuzama nayo mita thelathini. Hicho ni kipimo cha maabara, saa ikiwa imetulia. Kwa maisha ya kawaida, mita 30 ni kunawa mikono na mvua ya njiani. Kuogelea kunahitaji 100. Mita 50 iko katikati, na sisi tungeitendea kama 30. Mtu anayeosha gari kwa presha au anayenyunyizia shamba maji kila jioni, mpe ya 100 na usilale na wasiwasi.

Ukubwa: chukua uzi, zungusha kwenye kifundo cha mkono wake akiwa amelala, kata, pima na rula. Saa za kiume nyingi zina upana wa milimita 36 hadi 42. Mkono mwembamba ukivaa 44 unaonekana umeazima. Tukubali pia kwamba wanaume wengine wanataka hivyo hivyo kubwa, na huyo ni wako, unamjua.

Maneno "Swiss Made" chini ya uso wa saa yana maana ya kisheria. Tangu 1 Januari 2017, angalau asilimia 60 ya gharama ya kutengeneza saa hiyo lazima iwe ya Uswisi, na mashine yake lazima iunganishwe na kukaguliwa huko. Ni alama nzuri. Ila mtengenezaji wa feki naye ana wino.

Na feki zenyewe? Utasikia ushauri wa mshale wa sekunde: ukiruka tik, tik, tik ni betri, ukiteleza ni mashine, na kwa kuwa Rolex zinazotengenezwa sasa zote ni za mashine, Rolex inayoruka ni feki. Ni kweli. Lakini jaribio hili linanasa feki mbaya tu. Feki nzuri zina mashine na zinateleza vizuri. Boksi, kadi, karatasi yenye mhuri, vyote vinauzwa kando. Kuuza bidhaa ghushi ni kosa chini ya sheria ya mwaka 2008, na ipo Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ambapo unaweza kupeleka malalamiko. Lakini wewe unataka saa, si kesi. Kinachokulinda zaidi ni muuzaji mwenyewe. Kampuni kubwa za saa huonyesha kwenye tovuti zao maduka yaliyoidhinishwa. Tafuta hapo, uende kwa miguu yako. Kutoka Machakos hadi Nairobi ni kama kilomita 65. Nauli ya kwenda na kurudi ni bima ya bei nafuu kuliko yoyote tunayoijua.

Wakati wa kulipa

Sasa tumefika kwenye eneo letu.

Kabla hujaweka PIN, simu inakuonyesha jina la anayepokea, au sehemu ya jina. Hiyo sekunde moja ndiyo ya maana kuliko zote. Mwalimu wetu aliona jina la mtu, si la duka. Alituambia, "Nilidhani labda ni cashier." Wengi wanadhani hivyo. Duka halali la kuuza saa za elfu arobaini lina nambari ya till au paybill iliyosajiliwa kwa jina la biashara. Jina likitofautiana na bango la mlangoni, simama, uliza, na usione haya. Wakikuambia till ina shida leo, waambie na wewe utakuja kesho.

Kuna sababu ya pili ya kupenda till. Kwa kawaida mteja hatozwi ada ya kulipa kwa till, na malipo yanabaki na alama ya biashara, si ya mtu binafsi. Ukidai baadaye, unadai duka.

Halafu jambo ambalo tungependa kila mteja alielewe vizuri, kwa sababu tunagombana nalo kila wiki. Kurudisha muamala ni kwa ajili ya makosa. Umekosea tarakimu, pesa imeenda kwa mgeni: omba irudishwe mara moja. Kwenye M-Pesa, kwa mfano, unatuma ule ujumbe wote wa malipo kwenda 456. Lakini hata hapo, pesa ikiwa imeshatolewa, hakuna kitu cha kushika. Na kama ulituma kwa mtu uliyekusudia kumtumia, kwa saa ambayo haikuja au imekuja feki, hilo si kosa la tarakimu. Ni mgogoro wa biashara au ni wizi. Piga ripoti kwetu haraka ili nambari ile ichunguzwe, halafu nenda kituo cha polisi upewe nambari ya OB. Dakika zina uzito hapa. Mwalimu alisubiri arobaini. Siku hizi pesa ya utapeli haikai hata kumi.

Ile ya "mzigo umekwama, ongeza kidogo" nayo ina umri mrefu kuliko Facebook. Ukweli ni kwamba malipo ya huduma za serikali yalielekezwa kwenye paybill moja, 222222, mwaka 2023. Hakuna afisa wa forodha anayekusanya ushuru kwa nambari ya simu ya binamu yake. Na angalia ujanja wake: ukishatoa 18,500, ile 4,200 inaonekana ndogo. Unaitoa ili usipoteze ya kwanza. Mwalimu wetu aligoma hapo, na kwa hilo tulimpongeza.

Lipa mdogo mdogo je? Maduka mengi yanakubali, na si jambo baya. Ila uliza mambo matatu na yaandikwe kwenye karatasi yenye jina la duka: nikishindwa katikati, narudishiwa ngapi? Bei imefungwa au itapanda dola ikipanda? Saa ni hii hii yenye nambari hii ya nyuma ya mfuniko, au "ya aina hii"? Duka likikataa kuandika, weka pesa zako kwenye akiba yako mwenyewe. Pesa iliyo kwako haihitaji kuaminiana na mtu.

Tukija kwenye mkopo tutasema kifupi. Fuliza ni ya dharura, na saa si dharura. Pesa ya chama si yako mpaka zamu yako ifike.

Siri ya nyumbani

Kuna jambo moja ambalo miongozo ya zawadi huwa hailigusi. Kumpa mume zawadi ya elfu arobaini bila yeye kujua maana yake ni kwamba elfu arobaini zimetoka mahali bila yeye kujua. Katika nyumba nyingi pesa ni za pamoja, hata kama simu ni mbili. Ujumbe wa malipo ukitua simu ikiwa mezani, furaha ya mshangao inageuka kuwa maswali. Tumeona ndoa zikitikiswa na ujumbe wa till ambao ulikuwa zawadi.

Sisi si washauri wa ndoa. Tunachoweza kusema ni kuhusu njia ya pesa. Zawadi ikitoka kwenye akiba yako uliyoiweka kidogo kidogo, mahali pamoja, kuna kumbukumbu. Ikitoka kwenye karo ya Januari, hakuna maelezo yatakayotosha.

Mwalimu alianza upya mwezi wa Februari. Alifungua akiba ya kufunga kwenye simu, ile ambayo huwezi kuigusa mpaka tarehe uliyochagua, akawa anaweka 1,500 kila wiki. Alituambia ilitoka kwenye mayai anayouza na kwenye vitu viwili vitatu alivyoacha kununua. Wiki 34. Ukipiga hesabu ni 51,000, na faida kidogo juu yake.

Mwezi wa kumi alipanda matatu Jumamosi moja asubuhi na wifi yake, dada ya mumewe, ambaye ndiye peke yake aliyejua. Walizunguka maduka matatu Nairobi. La kwanza jina la till halikulingana na bango, wakatoka. La pili walikuwa na saa ya mashine nzuri sana, ya kung'aa, na mwalimu akaipenda. Wifi akamuuliza, "Hii ataivaa wapi? Kwenye saruji?" La tatu walichukua ya kuchajiwa na jua, kioo cha yakuti, mita 100, mkanda wa chuma. Shilingi 44,000. Alisoma jina kwenye simu kwa sauti, muuzaji akacheka, akaweka PIN. Alipiga picha risiti, kadi ya dhamana na nambari ya nyuma ya saa, akamtumia wifi picha hizo ili zikae kwenye simu mbili. Tungependa kila mtu afanye hivyo.

Katika kuzunguka huko, wifi alikumbuka kitu. Baba yao marehemu alikuwa na Seiko ya zamani, ya kujijaza, ambayo kaka yake aliirithi na iko kwenye droo ya kabati, imesimama miaka mingi. Wiki iliyofuata mwalimu aliichomoa kimya akaipeleka kwa fundi wa saa pale Machakos mjini, mzee mwenye meza ndogo na kioo cha jicho kimoja. Akaifungua, akaitazama, akasema, "Mwaitu, hii haijafa. Imekauka mafuta tu." Alitaka 3,500. Zilikuwepo kutoka kwenye 7,000 zilizobaki.

Tunataja hili kwa sababu kama bajeti yako haifiki hata robo ya zile 44,000, anza na droo. Saa nyingi za miaka ya sabini na themanini zilizo mikononi mwa familia zetu zinahitaji usafi na mafuta, si kaburi. Hakikisha tu fundi amekuambia bei kabla ya kufungua, na umeandika nambari ya saa kabla ya kuiacha.

Usiku wa zawadi mumewe alifungua boksi, akaangalia, akauliza swali ambalo karibu kila mume angeuliza: "Umetoa wapi pesa?" Hakuuliza kwa ubaya, alituambia, lakini aliuliza. Mwalimu hakujibu. Alichukua simu, akafungua taarifa ya akiba, akampa. Mume alisoma mistari ile kutoka juu mpaka chini, 1,500, 1,500, 1,500, tarehe kwa tarehe kuanzia Februari. Alikaa kimya muda mrefu. Hapo ndipo akaletewa ile ya baba yake, inatembea.

Mpango wote wa kioo cha yakuti na mchanga haukufua dafu. Mzee amekataa katakata kwenda na saa mpya dukani, anasema ataichafua. Anaivaa Jumapili na kwenye harusi. Dukani, katikati ya saruji na misumari, anavaa Seiko ya baba yake, na mwalimu anakaa roho juu kwa sababu kioo chake ni cha kawaida.

Mkanda wa ile mpya ulikuwa mkubwa. Fundi yule yule alitoa pingili mbili, na ziko kwenye bahasha pamoja na risiti. Usizitupe za kwako: mzee akinenepa zitahitajika.